Uji wa Moto Siku ya Msiba

"Usipokula, hatusemi," Scholastica alisema, akalisogeza sinia.

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Hilaria Nyamhanga aliangalia saa yake. Saa saba kasoro dakika kumi, Alhamisi. Jumamosi asubuhi Konstantino angevunja kambi yake ya Mbalibali na kuondoka na watu wake wote, na hakuna aliyekuwa tayari kutaja wanakokwenda. Alinawa, akavuta kigoda, akamega ugali wa muhogo na mtama. Dagaa walikuwa na chumvi ya kutosha.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuithibitisha. Mwezi wa pili, mwanamke anayeitwa Felista alitoka Zizi la Mwisho, kambi ya waumini wa Konstantino, kwenda Tarime kumuuguza mama yake. Alimwacha binti yake wa pekee, Huruma, mwenye miaka sita, kwa sababu Konstantino alimwambia kwamba mtoto wa Zizi hatoki nje ya Zizi. Mwezi wa tatu Felista akatuma ujumbe: anakuja kumchukua mwanawe na hatarudi tena. Alipofika, siku nne baadaye, alionyeshwa kaburi. Surua, walimwambia wote. Tumeshazika.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi. Felista alikuwa amefika kituoni mara kumi na moja kusema mwanawe hakufa. Hakimu naye alikuwa amemwambia Hilaria maneno machache: "Kaburi halifukuliwi kwa sababu mama hataki kuamini. Niletee mtu aliyekuwepo."

Waliokuwepo ndio hawa waliokuwa wanakula naye. Watu wengi walikuwa wametoka Zizi tangu wakati ule, lakini watatu hawa hawakutawanyika. Walinunua viwanja vitatu vinavyopakana hapa Kenyamonta, kila mmoja akajenga nyumba yake, kisha wakajenga jiko moja katikati.

"Mnaishi kama bado mko ndani," Hilaria alisema.

"Tumemwacha Konstantino," alijibu Sylvester Werema, mzee wa Kikurya mwenye miaka kama sabini, fimbo yake ikiwa imelazwa mapajani. "Chungu hatujakiacha. Kuna sheria inayokataza?"

"Hakuna, mzee."

"Basi kula."

Wa tatu alikuwa Simon, mchimbaji wa zamani kutoka Kahama. Vumbi la mashimo ya dhahabu lilikuwa limemharibu kifua, na kila baada ya sentensi tatu alisimama kuvuta pumzi. Hilo halikumpunguzia maneno.

"Afande, kama umekuja kusikia tulikuwa wajinga, umepoteza mafuta ya gari," alisema. "Kila anayekuja hapa anataka tulie. Mwandishi wa redio alikuja, akataka tulie. Mchungaji akaja, akataka tutubu. Mimi nilifika Zizi nimebebwa kwenye machela. Wenzangu niliochimba nao waliniacha kwenye kibanda nife. Watu arobaini na mmoja ambao hata lugha yangu hawakuijua walinilisha mwaka mzima bila kuniuliza nitalima lini. Sasa nitubu nini? Kulishwa?"

"Na mimi," Sylvester alidakia, "nilipeleka ng'ombe kumi na mmoja. Wakachanganywa na mbuzi wa Mwikoma mmoja aliyeitwa Stanslaus, mtu ambaye baba yangu angemfukuza kwa mshale. Tulichunga wote. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa ukoo gani. Wewe Mkurya, binti yangu?"

"Mkurya."

"Basi unajua kitu hicho kina uzito gani."

Hilaria alijua, lakini hakuwa amekuja kwa ajili hiyo. Aliwaacha waseme kwa sababu mtu anayejisifu hutoa habari nyingi kuliko anayejitetea. Walisema. Walimwambia juu ya rimu ya gari iliyogongwa asubuhi kama kengele. Juu ya kulima kwa mstari, mtu mchovu akiwekwa katikati ili mstari umbebe. Juu ya watoto waliolala nyumba moja wakilindwa na mama wa zamu. Scholastica ndiye aliyepika miaka yote sita, na chumvi aliipima kwa kiganja chake mwenyewe. Sasa alikuwa ameketi kimya, akiwasogezea wenzake mboga.

"Mlitoka kwa nini?" Hilaria aliuliza.

"Kaka yangu alikufa, Konstantino akanikataza kwenda kuzika," Sylvester alisema. "Nikamwambia, mura, kijana wewe, mimi nilichunga ng'ombe kabla hujaota meno. Nikaondoka siku hiyo hiyo."

"Mimi alinikataza hospitali," Simon alisema. "Mwezi wa tano."

"Na wewe, mama?"

Scholastica alipangusa mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, miaka hamsini na kitu. "Nilichoka," alisema, na kuinuka kuchukua maji.

Hilaria aliliandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Mwanamke aliyepikia watu arobaini kwa miaka sita bila kulalamika, akachoka, kisha akaja Kenyamonta na siku ya kwanza akajenga jiko la watu watatu.

"Mtu akifa pale mlifanyaje?" aliuliza.

"Moto unazimwa," Simon alijibu haraka. "Zizi lilikuwa na moto mmoja. Kiberiti kilikatazwa. Moto ule ulikaa jikoni usiku na mchana, na Mama Skola hapa ndiye mtunzaji. Mtu akifa, anauzima kwa maji. Siku tatu hakuna cha moto. Mihogo iliyopikwa jana, mtindi, basi. Siku ya nne mtu mmoja anakwenda kwa jirani asiye wa Zizi, anaomba kaa, analibeba kwenye kigae mpaka jikoni."

"Kwa nini kwa jirani?"

"Ili tusijione," Sylvester alisema. "Mwaka mzima unawaambia majirani kwamba wamepotea. Siku ile unawapigia hodi kuomba moto."

"Ulizimwa mara ngapi?"

"Mara tatu," wanaume wawili walisema kwa pamoja. Sylvester alihesabu kwa vidole: bibi mmoja wa Issenye, kisha Stanslaus mwenye mbuzi, kisha mtoto Huruma.

Utaratibu wa Hilaria ulikuwa kuwatenganisha watu mara tu wanapoanza kukubaliana. Alisimama. "Simon, tukae pale ukutani. Mzee, nisubiri hapo hapo."

Simon alikaa kwenye tofali, mgongo ukutani. Hilaria alibaki amesimama.

"Siku aliyokufa mtoto ulikuwa wapi?"

"Shambani kwenye mihogo. Wote tulikuwa shambani. Rimu ikagongwa mara tisa. Tulipofika, walishazika. Konstantino alisema surua inaambukiza, wamezika yeye na wazee wawili."

"Maiti uliiona?"

"Nimekwambia walishazika."

"Nani aliyeiona?"

Simon alifikiri. "Mama Skola alisema alimwosha."

"Siku tatu zile ulishindaje? Na kifua hicho?"

"Kifua changu bila kitu cha moto asubuhi kinafunga, afande. Msiba wa bibi nilikohoa mpaka nikatema damu. Msiba wa Stanslaus wakadhani mimi ndiye nitakayefuata." Alicheka, akakohoa. "Lakini Mama Skola ana huruma. Ule wa mtoto alinipa uji wangu kila asubuhi kama kawaida."

"Uji wa moto?"

"Wa moto. Kwenye kopo la blubendi, alikuwa analificha kwenye kanga."

"Wakati moto umezimwa."

Simon alijisogeza kwenye tofali. "Labda Konstantino alimruhusu. Kwa ajili ya wagonjwa."

"Kwa bibi hakuruhusu. Kwa Stanslaus hakuruhusu, na wewe ukatema damu. Halafu mtoto alipokufa akaruhusu?"

"Sijui. Mtu akikupa uji humuulizi ametoa wapi moto."

"Siku ya nne nani alikwenda kuomba kaa kwa jirani?"

"Mzee Sylvester. Ilikuwa kazi yake."

Koplo Gidion, dereva wake, alikuja akitembea haraka kutoka kwenye gari lililokuwa limeegeshwa mbali kidogo, barabarani. Alimvuta Hilaria pembeni.

"Afande, Felista amekumbuka kitu. Anasema mpita njia mmoja aliona pikipiki yenye namba za Kenya ikiingia Zizi wiki ile ile. Pikipiki ya Kenya, mtoto hayupo. Amevushwa Sirari huyo. Tupige simu mpakani."

Hilaria alimgeukia Simon. "Pikipiki ya Kenya ilileta nini wiki ya msiba?"

"Chumvi," Simon alisema bila kufikiri. "Na mbegu za mahindi. Niliishusha mimi mwenyewe, siku mbili baada ya kuzika. Gunia moja lilikuwa limelowa, nikalianika. Iliondoka tupu, hata abiria hakupakia."

"Rudi kwenye gari," Hilaria alimwambia Gidion. "Na Felista asishuke mpaka nimwite."

Mzee Sylvester hakupenda kuulizwa maswali akiwa amekaa. Alisimama, akaegemea fimbo, wakawa wanatazamana.

"Siku ya nne baada ya mtoto kuzikwa, mzee, kaa la moto ulilichukua kwa nani?"

"Mimi? Sikwenda."

"Simon anasema ni kazi yako."

"Msiba wa bibi nilikwenda. Msiba wa Stanslaus nilikwenda. Kwa Vicent, ng'ambo ya korongo, mtu mwenye adabu. Ule wa mtoto hakuna aliyenituma. Nilifikiri wamemtuma Simon, kwa sababu nilikuwa naumwa goti."

"Simon, na kifua kile, apande korongo na kigae cha makaa?"

Mzee alitafuna shavu lake. "Sasa alikwenda nani?"

"Ndicho ninachokuuliza. Namba ya Vicent unayo?"

Alikuwa nayo, kwenye simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. Hilaria alipiga kwa simu yake mwenyewe na kuweka sauti ya nje. Vicent alipokea akiwa shambani, jembe likisikika likigonga mawe.

"Zizi walikuja kuomba moto kwako mara ngapi?" Hilaria aliuliza baada ya kujitambulisha.

"Mara mbili, afande. Mara zote mbili mzee Werema."

"Mwezi wa tatu je? Mtoto alipofariki?"

Jembe lilinyamaza. "Mwezi wa tatu nilisikia rimu inagongwa mara tisa, nikajua wana msiba. Siku ya nne nikachochea gogo kubwa kabisa, nikamwambia mke wangu leo mzee Werema atakuja. Nimekaa nyumbani mpaka saa sita, sikwenda hata shamba. Hakuna aliyekuja. Nikasema labda nimewakosea kitu."

"Wangeweza kwenda kwa jirani mwingine?"

"Mwingine yupi? Upande ule mwingine ni pori la hifadhi. Wangeomba kwa tembo?"

Hilaria alimshukuru, akakata simu. Sylvester alikuwa anatazama jiko la katikati, ambako Scholastica alikuwa ameinama akisugua sufuria kwa mchanga.

"Kaa hapa, mzee," Hilaria alisema.

"Sikai. Nakuja kusikia."

"Basi usikie kimya."

Alitembea mpaka jikoni na kuchuchumaa karibu na Scholastica, ili wasemezane macho kwa macho. Simon alikuwa tayari ameinuka kutoka kwenye tofali lake.

"Shikamoo tena, mama."

"Marahaba. Umeshiba?"

"Nimeshiba. Mama, siku ya nne ya msiba wa Huruma, moto wa kupikia ulitoka wapi?"

"Kwa jirani."

"Yupi?"

"Vicent."

"Nimeongea naye sasa hivi. Alichochea gogo akawasubiri mpaka saa sita."

Mkono wenye mchanga ulisimama ndani ya sufuria.

"Mzee Sylvester hakwenda," Hilaria aliendelea. "Simon hakwenda. Vicent hakuona mtu. Lakini siku ya nne watu arobaini walikula ugali wa moto. Na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, Simon alikunywa uji wa moto kutoka kwenye kopo la blubendi. Moto ule haukuzimwa, mama."

"Simon ana mdomo mrefu," Scholastica alisema.

"Ulinipa uji, nami nikashukuru!" Simon alisema. "Kosa langu nini?"

Scholastica aliiweka sufuria chini na kuifunika, kana kwamba ina chakula. "Alikuja Konstantino jikoni asubuhi, kabla rimu haijagongwa. Akasema, Skola, zima moto, Huruma amefariki. Nikasema ndiyo, baba. Yeye akaenda kujifungia chumbani kwake siku tatu, amefunga, hali hanywi, anaomboleza. Hakukanyaga jikoni. Nilimwaga maji pembeni mwa moto, watu wasikie harufu ya moshi. Makaa nikayafukia kwenye majivu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu saa moja kabla ya hapo nilimfungia mtoto huyo huyo viazi viwili kwenye jani, avitumie njiani."

Sylvester aligonga fimbo chini. Hakuna aliyemtazama.

"Moto wa msiba unazimwa kwa aliyekufa," Scholastica alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ukiuzima kwa aliye hai, umemzika kwa mkono wako. Nilidanganya watu arobaini. Nilimdanganya Konstantino. Moto sikuudanganya."

"Yuko wapi?"

"Kwako sisemi."

"Mama, hii ni kesi ya kuiba mtoto. Kuficha ni kosa, na wewe umeficha miezi saba."

"Nifunge. Mikono hii hapa." Aliinyoosha, imejaa mchanga na majivu. "Najua mtakachoandika. Zizi, pango la wezi wa watoto. Mtaandika hivyo, na redio itasoma hivyo, na Simon aliyelishwa mwaka mzima hatatajwa. Watoto kumi na wanne walikua mikononi mwangu, hakuna hata mmoja aliyelala njaa. Nani ataandika hilo?"

"Mimi," Hilaria alisema. "Nitaandika unachosema, neno kwa neno, halafu utasaini. Ukisema mlishiba, nitaandika mlishiba. Lakini mimi si mtu wa kusifia wala kulaumu. Kuna mwanamke kwenye gari lile ambaye tangu mwezi wa tatu analiona kaburi la mwanawe kila anapofumba macho, na keshokutwa Konstantino anaondoka. Chagua."

Scholastica alitazama barabarani. "Umemleta Felista?"

"Nimemleta."

"Mwite. Nitamwambia yeye."

Felista alikuja bila kukimbia. Alikuwa mwembamba, amevaa sare ya duka la dawa alilofanyia kazi Tarime. Alikuwa ametoka kazini bila kubadili nguo. Hakumsalimia mtu. Alisimama juu ya Scholastica.

"Nilikuuliza," alisema. "Mbele ya lile kaburi. Nikakuuliza, mama, ulimwosha wewe? Ukasema ndiyo."

"Nilisema."

"Ukasema alikuwa mwepesi."

"Nilisema."

"Ndani kuna nini?"

"Shina la mgomba. Limefungwa shuka la buluu."

"Miezi saba!" Sylvester alipasuka. "Ulinilisha mihogo baridi siku tatu, nikamlilia mtoto yule mpaka macho yakavimba, kumbe mgomba?"

"Ulikula, hukufa," Scholastica alimjibu bila kugeuka. Kwa Felista alisema, "Yuko Itiryo. Kwa Lilian, dada yake Konstantino. Wanamwita Ghati. Konstantino alisema wewe utampeleka mjini asahau, na mtoto aliyelelewa na wote si wa mtu mmoja kumchukua. Mwanzoni nilikubali. Nilidhani ana haki. Halafu ukaja, ukapiga magoti pale kwenye yale mawe, ukaniuliza kama alikuwa mwepesi."

"Ndipo ukachoka," Hilaria alisema.

"Ndipo nikachoka."

Felista alimwinamia. "Usiniombe msamaha," alisema. "Sina wa kukupa leo."

"Sijaomba."

Hilaria alikuwa ameshafungua fomu ya maelezo. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, akausoma kwa sauti, pamoja na sentensi isemayo kwamba katika Zizi la Mwisho watoto kumi na wanne walilelewa na hakuna aliyelala njaa. Scholastica aliweka sahihi kwa herufi kubwa. Kisha Hilaria alimpigia mkuu wake. Jibu lilikuwa fupi: askari watumwe Mbalibali wamzuie Konstantino, na yeye apitie kwa mwenyekiti wa kitongoji Itiryo kabla ya kuingia boma la mtu.

Alipogeuka, Scholastica alikuwa ameketi tayari kiti cha nyuma cha gari, amejifunga kanga safi.

"Wewe ni shahidi," Hilaria alisema, "na unaweza kuwa mshtakiwa. Shuka."

"Bila mimi Lilian atawaambia hajamwona mtoto wa namna hiyo tangu azaliwe. Mimi ndiye niliyemkabidhi alipokuja Zizi, mkono kwa mkono. Nishitaki nikiwa humu humu."

Gidion alimtazama Hilaria. Hilaria aliingia mbele na kufunga mlango.

"Endesha," alisema.

Walifika Itiryo saa kumi na moja na dakika ishirini. Mwenyekiti wa kitongoji, Nelson, aliwasubiri kando ya barabara akiwa na muhuri wake mfukoni, akaingia nao mpaka kwenye boma lenye nyumba mbili za bati. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Watoto watatu walikuwa wameyazunguka, wanapukuchua.

Lilian alitoka amejishika kiuno. Alikuwa mrefu, na miaka ya kuuza mahindi upande wa pili wa mpaka ilikuwa imekaa kwenye ulimi wake.

"Polisi mnataka nini kwa boma yangu? Kwani kuna maiti hapa?"

"Hakuna," Hilaria alisema. "Ndiyo maana tumekuja. Tunamtafuta Huruma, binti wa Felista huyu."

"Huruma alikufa, mkazika wenyewe. Hawa ni watoto wa kaka yangu. Hii mdogo ni Ghati, ana cheti."

"Kilete."

"Kiko Sirari."

"Lilian," Scholastica alisema, akashuka kwenye gari. "Nilikupa huyu mtoto mimi. Viazi viwili, sweta nyekundu, na nikakwambia hapendi maziwa ya mbuzi. Acha kunisumbua mbele ya watu."

Kusikia sauti hiyo, mtoto mdogo aliinua kichwa kutoka kwenye mahindi. Alisimama, gunzi mkononi. Kisha alikimbia. Hakukimbilia kwa Felista. Alipita karibu yake kabisa, gauni likimgusa goti, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke aliyempikia maisha yake yote.

Felista alibaki ameukunjua mkono mmoja hewani.

Scholastica alirudi nyuma hatua mbili. Aliweka mikono yote miwili mgongoni na kuifunga.

"Siyo mimi," alimwambia mtoto. "Geuka."

Mtoto alimtazama, akatazama mikono iliyofichwa, akageuka. Felista alikuwa bado amesimama palepale. Hakumwita kwa jina, hakulia, hakumwambia mimi ni mama yako. Alimpa mgongo, akachuchumaa na kungoja hivyo, uso wake ukielekea gari, kama mwanamke anayengoja kutwikwa ndoo.

Ilichukua muda. Kuku walipita kwenye turubai, wakadonoa mahindi, hakuna aliyewafukuza. Kisha mtoto alitupa gunzi, akaenda, akapanda mgongoni.

"Utaratibu unasema mtoto akabidhiwe ofisa ustawi wa jamii kwanza," Gidion alinong'ona.

"Tutamkabidhi," Hilaria alisema. "Kesho asubuhi, pamoja na huyo anayembeba. Mwenyekiti, andika hapa: umemwona mtoto hai, saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Gonga muhuri."

Nelson aligonga muhuri juu ya boneti ya gari. Felista aliinuka. Mtoto wa miaka sita, aliyelishwa vizuri Mbalibali na Itiryo, hakuwa mzigo mdogo. Miguu yake ilining'inia mpaka chini ya magoti ya mama, na hatua ya kwanza ilimyumbisha.

"Mkubwa huyo wa kubebwa," Lilian alipiga kelele nyuma yake. "Si ana miguu yake!"

"Anayo," Felista alisema, akaendelea kutembea. "Atatembea kesho."